Kuchimba Walichimba, Tope Atazoa Nani?

Nimepotea karibu wiki tatu, na yule jamaa aliyeuliza kama nimepata kazi Nairobi nikawasahau, jibu ni hapana. Nilikuwa ndani ya shimo. Sitanii. Shimo la mita ishirini kwa kumi na tano nyuma ya jikoni kwetu, tope mpaka magotini, beleshi mkononi, nikizoa uchafu uliokuwa ukijikusanya humo tangu nikiwa shule ya msingi. Leo mgongo umepoa kidogo, nimepanda matatu mpaka mjini, nimelipia saa mbili hapa saiba, na ninataka tuongee siasa. Siasa ya tope.

Mambo yalianzia kwenye baraza la chifu. Walikuja wageni wa mradi mmoja, magari mawili, fulana mpya, bango kubwa, wakasema wanaandikisha wakulima watakaochimbiwa vidimbwi vya samaki. Tukasomewa wadi yetu imetengewa vingapi na wadi jirani vingapi. Watu wakapiga makofi. Mzee wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele kwa sababu masikio yake siku hizi yanamsumbua, na alikuwa mtu wa tatu kuinua mkono aandikwe.

Mimi nikauliza swali moja tu. "Samahani mheshimiwa, vile vidimbwi vya zamani, ni vingapi bado vina samaki?"

Yule bwana akatabasamu. "Kijana, leo tunaangalia mbele. Hayo ya nyuma tutakuja kuyazungumza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, si mnajua aibu ya baraza. Lakini njia ya kutoka kwa chifu mpaka kwetu inafuata mto, na nikitembea nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mashimo saba. Moja lina samaki, la mwalimu mstaafu ambaye ana pensheni na ana mfanyakazi. Moja limepandwa nduma. Moja ni la kunyweshea ng'ombe. Mawili yamejaa majani marefu na vyura. Moja limefukiwa, ukiona nepia imenawiri kuliko nyingine zote ujue ndilo hapo. La saba ni letu.

Basi nikafika nyumbani nikamwambia Mama, kabla hatujapewa shimo lingine, tufufue hili tulilo nalo.

Sasa kwa wale ambao mlikuwa wadogo kama mimi, turudi nyuma kidogo. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha kwenye serikali ya muungano ya Kibaki na Raila, alisoma bajeti iliyokuwa na mpango wa kufufua uchumi, bilioni 22. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, kulikuwa na ukame, na dunia nzima ilikuwa inalia kwa sababu ya mabenki. Ndani ya mpango huo kulikuwa na samaki. Maeneo bunge wakati huo yalikuwa 210. Yakachaguliwa 140, kila moja lichimbiwe vidimbwi 200, kila kidimbwi mita 300 za mraba. Piga hesabu: vidimbwi 28,000. Baadaye vikaongezwa vingine juu ya hivyo. Vijana walilipwa kuchimba, wakulima wakapewa vifaranga wa samaki na chakula cha kuanzia.

Huo haukuwa mpango mbaya, na sitaki mtu aseme ninabeza. Mtu wa mlimani ambaye alikuwa anangoja samaki wa ziwa waje kwa boda wakiwa wameshaanza kulegea macho, sasa aliweza kuvua nyuma ya nyumba. Na nambari zilipanda kweli. Kabla ya mpango huo Kenya nzima ilikuwa inatoa samaki wa kufugwa takriban tani 4,000 kwa mwaka. Mwaka 2014 tulifika takriban tani 24,000. Mara sita!

Halafu? 2015 tukashuka chini ya tani 19,000. 2016 kama 15,000. 2017 kama 12,000. Yaani nusu nzima ilipotea kwa miaka mitatu, na hakukuwa na vita, hakukuwa na kimbunga. Baadaye uzalishaji ulipanda tena, lakini sehemu kubwa ya kupanda huko ilitoka kwa vizimba vilivyowekwa ndani ya Ziwa Victoria, biashara ya watu wenye mtaji, si ya mama mwenye shimo nyuma ya jikoni.

Wengi wakisikia hizo nambari wanataja Mchina. Ni kweli tilapia wa barafu kutoka China walijaa sokoni miaka hiyo, na 2018 kelele zilifika mpaka kwa Rais. Bei iliwaumiza wafugaji, sikatai. Lakini jameni, si Mchina aliyejaza tope kwenye shimo letu. Mchina hakung'oa wavu kwenye mfereji wetu wa kuingizia maji. Kuna kitu kingine kilikufa kabla ya bei kufika, na kitu hicho hakikuwa kwenye bajeti: kusafisha.

Na hii si mara ya kwanza. Baada ya uhuru, miaka ya sitini, serikali ilikuwa na kampeni ya kuwahimiza Wakenya wale samaki zaidi. Vidimbwi vidogo vikachimbwa vingi sana, hasa Kati na Magharibi. Kufika miaka ya sabini vingi vilikuwa havitoi kitu. Sababu zilizoandikwa tangu zamani ni zile zile: hakuna mtaalamu wa kumtembelea mkulima, vifaranga si wazuri, na hata maofisa wenyewe hawakufundishwa vya kutosha. Nyanya yangu anasema pale chini ya mgomba wetu wa mwisho kulikuwa na "shimo la samaki la Kenyatta", na hamaanishi Uhuru. Kwa hiyo boma letu limeshachimbwa mara mbili, na sasa Mzee ameinua mkono tuchimbwe mara ya tatu.

Wacha niwaambie chetu kilikufaje, kwa sababu nadhani vingi vilikufa hivyo hivyo.

Kilichimbwa 2010. Mavuno ya kwanza yalikuja 2011 na mpaka leo watu wa kwetu wanayazungumzia kama harusi. Tulikula, tukauza, Mzee akanunua redio. Wale tilapia walikuwa wa kike na wa kiume wamechanganyika, na tilapia akianza kuzaa hana uzazi wa mpango. Kufika msimu wa pili maji yalikuwa yamejaa visamaki vya saizi ya kidole, wote wananyang'anyana chakula, hakuna anayekua. Hatukujua kwamba ilitakiwa kumwaga maji yote, kutoa kila samaki, kukausha na kuanza upya. Ofisa aliyekuwa akituelekeza alikuwa amehamishwa. Mzee akaona dawa ni kuongeza chakula, na chakula cha dukani ni ghali, kwa hivyo akaongeza mbolea. Alimwaga mikokoteni miwili ya samadi ya ng'ombe kwa siku moja. Wiki hiyo jua halikutoka, mawingu tu na manyunyu.

Asubuhi ya siku ya nne nilitumwa kuchota maji. Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuta samaki wote wako juu, midomo wazi, wanameza hewa kama mtu aliyetoka kukimbia. Saa nne asubuhi walikuwa wamelala ubavu. Ile harufu siwezi kuisahau. Kuna walionong'ona kwamba jirani fulani ana kijicho, na mpaka leo mama wawili hawasalimiani vizuri.

Kumbe si kijicho. Ni hewa. Maji ya kidimbwi yakiwa na rangi ya kijani, ule ukijani ni vimelea vidogo vya mimea. Mchana, jua likiwaka, hivyo vimelea hutoa oksijeni na samaki hupumua vizuri. Usiku hakuna jua, vimelea vinageuka na kuvuta oksijeni ile ile, samaki wanavuta, na samadi inayooza chini nayo inavuta. Saa kumi na moja alfajiri ndipo hewa huwa kidogo kabisa. Ukiongeza siku tatu za mawingu na mikokoteni miwili ya samadi, umewafunga samaki kwenye chumba kisicho na dirisha. Ningelijua hilo darasa la tatu ningemwambia Mzee. Nimelijua nikiwa nimemaliza kidato cha nne, kwa kusoma mwenyewe hapa hapa saiba.

Kuna kipimo cha bure ambacho hakihitaji ofisa wala mashine. Simama ukingoni, chovya mkono wima, kunja kiganja kitazame juu. Maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja ndipo kinapotea machoni, ukijani uko sawa. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika hata nusu ya mkono, maji ni mazito mno: simamisha mbolea, punguza chakula, ingiza maji mapya. Kama mkono wote umezama na bado unahesabu vidole, maji ni membamba, ongeza mbolea kidogo. Fikiria kama kila mmoja wa wale waliopewa vidimbwi 28,000 angefundishwa hilo jambo moja. Inachukua dakika tano.

Haya, kazi yenyewe. Siku ya kwanza nilitafuta bomba la kutolea maji nikakuta limezibwa na mizizi. Baada ya samaki kufa Mzee alipanda mikaratusi juu ya tuta, akijiambia angalau tupate kuni. Mti ukikaa kwenye tuta mizizi hutoboa udongo, na kila mvua maji yanapata njia mpya. Tulikata minne. Mzee hakufurahi. Juu ya tuta panda nyasi fupi basi, zishike udongo, na ng'ombe wasikanyage.

Bomba likiwa limekufa ikabidi tukodi pampu. Maji yakashuka siku nzima, na chini yake tope jeusi, laini, linanuka kama yai viza. Kidimbwi kilichokuwa na kina cha mita moja kilikuwa kimebaki kama nusu mita. Na hapo ndipo ubaya ulipo: maji yakiwa mafupi, jua linafika chini, magugu yanaota, magugu yakifa yanaoza na kuongeza tope, tope linapunguza kina. Kidimbwi kinajifukia chenyewe polepole na wewe unakiangalia.

Niliajiri vijana wawili tukazoa siku nne. Tulipata kandambili tatu, sufuria ya nyanya iliyosemekana imeibwa 2016, betri za redio, na kambare mmoja mrefu kama mkono wangu ambaye hakuna aliyemweka. Aliingia na maji ya mto kwa sababu mdomo wa mfereji hauna wavu. Kama yeye aliingia, vyura na samaki wa porini pia waliingia, na vifaranga wetu nao walipata mlango wa kutokea. Yule kambare tulimla siku hiyo hiyo. Tope Mama alilibeba kwa wilbaro hadi kwenye sukuma wiki na migomba, na kwa macho yangu naona ile sukuma imeanza kuwa na majani kama masikio ya ndovu. Kwa hiyo tope si hasara. Hasara ni kulikalia.

Baada ya hapo ni kuacha jua lifanye kazi. Siku kumi, mpaka sakafu ikapasuka nyufa. Ukikausha hivyo, mayai ya samaki waliobaki, viluwiluwi na wadudu wengi wanakufa. Halafu chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba. Sisi tulinyunyiza mfuko mmoja wa kilo 50 chini na kwenye kingo. Udongo wa mlimani kwetu ni mkali, una asidi, na bila chokaa hata ukiweka mbolea maji hayashiki ukijani. Mbolea haiwekwi siku moja na chokaa, unangoja kama wiki. Unajaza maji, unaweka mbolea ya kuku kidogo kidogo, unangoja rangi ije, ndiyo unaleta vifaranga. Hapo ndipo tumefika. Maji yalianza kuingia Jumanne.

Gharama ni hizi, na nimeziandika kwenye daftari. Kukodi pampu na petroli 2,500. Vijana wawili, siku nne, 4,000. Chokaa 500. Wavu wa waya wa kuziba mdomo wa mfereji 350. Jumla 7,350. Bado vifaranga 600 wa kiume watupu, shilingi 10 kila mmoja, 6,000. Wakati ule wa serikali kila kidimbwi kama chetu kiliwekwa vifaranga 1,000, lakini mimi sina pesa ya kulisha 1,000, na chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama ya mfugaji. Bora 600 wanaoshiba. Mama amekopa 10,000 kwa chama chake. Samaki wanahitaji miezi sita hadi minane. Chama kinataka pesa zake kila mwezi. Sasa mnaelewa kwa nini kila alfajiri mimi niko ukingoni.

Na kuna jambo ambalo kwenye baraza halikutajwa kabisa: mbu. Kuna watafiti waliofanya kazi kwenye milima ya Kisii na kuchapisha matokeo yao 2007 na 2008. Walikuta vidimbwi vilivyoachwa vinazaa mbu wa malaria wengi kuliko vile vinavyotunzwa. Wakaweka tilapia wa kawaida, wale wale tunaokula, ndani ya vidimbwi vilivyoachwa, na katika wiki 15 viluwiluwi vya mbu walipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Ona tarehe. 2007, 2008. Kabla ya bajeti ya 2009! Ilijulikana mapema kwamba kidimbwi chenye samaki kinakula mbu na kidimbwi kilichoachwa kinafuga mbu. Kwa hiyo ukichimba shimo usilopanga kulitunza, hujamwacha mkulima pale ulipomkuta. Umemwacha pabaya zaidi. Kwetu, mwaka ule samaki walipokufa na maji yakabaki, ndugu yangu mdogo alilazwa mara mbili. Sitasema ni kwa sababu ya shimo letu, mbu hana kitambulisho. Ila Mama anaamini hivyo, na ndiyo sababu hakubishana niliposema akope.

Sasa nani alaumiwe? Wazee wa kwetu wanasema watu ni wavivu, walipewa cha bure hawakukithamini. Hilo nalikataa. Hao "wavivu" wanapalilia chai kwenye mteremko unaokufanya ushike nyasi usianguke. Mtu hazoi tope siku nne kama hajui tope ndilo linaua samaki, na kama hana 7,350. Akiwa na pesa hiyo mwezi wa Januari, ni karo.

Wengine wanasema ugatuzi ndio uliharibu. Hapa kuna ukweli nusu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kilimo pamoja na samaki, na kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mradi ulianzishwa na serikali moja, ukarithiwa na nyingine ambayo haikuuzaa. Mtoto wa kambo mnajua anavyolishwa. Lakini kidimbwi chetu kilikufa 2012, kaunti hazijazaliwa. Ugonjwa ulikuwepo tayari.

Mimi naona ugonjwa ni namna ya kuhesabu. Kidimbwi kinahesabiwa siku kinachimbwa. Siku hiyo kuna kamera, kuna mheshimiwa mwenye gambuti mpya, kuna nambari ya kwenda kwenye ripoti. Siku ya kuzoa tope hakuna anayekuja, kwa sababu kidimbwi kilichosafishwa hakiongezi nambari. Kilikuwa kimoja, bado ni kimoja. Mwanasiasa atawaambia nini wapiga kura, kwamba vile 200 vya zamani bado ni 200? Hata ukiwa ofisa mwenye moyo, ukipewa shabaha ya kuchimba, utachimba.

Ndiyo maana nasema tungehesabu tofauti. Kidimbwi kisiandikwe kwenye ripoti siku ya kuchimbwa, kiandikwe siku ya mavuno ya pili, yaani baada ya kumwagwa maji, kuzolewa tope na kujazwa tena. Pesa za mradi zigawanywe, nusu zikae zingoje siku hiyo. Kila lokesheni iwe na pampu moja ya kukodisha kwa bei ya petroli tu, vijana wa hapo hapo waiendeshe, na chokaa ipatikane karibu. Kuna miradi imejaribu kutazama mbali zaidi ya shimo. Ule wa ABDP, unaofadhiliwa na IFAD, ulioanza 2018 katika kaunti 15, uliandikwa kwa lugha ya biashara: vifaranga, chakula, soko, mafunzo. Sio huo uliokuja kwa chifu wetu. Hawa wetu walikuja na kuchimba tu, na nilisikiliza mpaka mwisho nione kama mtu atataja neno "kusafisha". Hakuna aliyelitaja.

Najua kuna atakayeniambia nimekaa saiba nakosoa. Sawa. Wewe uliyeko Kakamega, Embu, Kirinyaga, Siaya, tembea kando ya mto wa kwenu uhesabu kama nilivyohesabu, kisha uandike hapo chini: mashimo mangapi, yenye samaki mangapi. Usiandike jina la mtu, nambari tu. Tukipata hata ishirini tutakuwa na kitu cha kumpelekea yule bwana aliyeniambia tunaangalia mbele.

Kwetu maji leo asubuhi yalikuwa yamefika katikati ya paja, bado meupe, kiganja naona vizuri. Mdiria mmoja ameshakuja mara mbili kukagua, anakaa juu ya kisiki cha mkaratusi kama mwenye hisa. Itabidi nifunge kamba juu kabla ya vifaranga kufika.

Mzee naye jana usiku alinipa fomu ya mradi nimjazie, miwani yake imevunjika mguu. Jina, nambari ya kitambulisho, ukubwa wa shamba, chanzo cha maji, saizi ya shimo unayotaka. Kurasa mbili, na hakuna mahali popote wanauliza kama tayari una kidimbwi. Nikamuuliza, "Baba, kweli unataka cha pili?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Andika tu, watoto wa watu wamekuja mbali." Kwa hiyo nimeandika. Lakini pale pembeni, nje ya mstari, nimeongeza kwa kalamu nyekundu: tunacho kimoja, tunahitaji bomba na chokaa. Fomu inarudishwa Ijumaa. Nitawaambia walichosema.